Jina la Rangi na Chanzo Chake: Upimaji wa Jeni za Rangi za Farasi na Msamiati wa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jeni zinazoleta rangi zisizo za kawaida katika manyoya ya farasi zinavyopimwa, na kuonyesha matatizo ambayo elimu hiyo inayazusha katika msamiati wa rangi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba jina la rangi ya mnyama katika Kiswahili hutaja kile kinachoonwa na jicho, ilhali kipimo cha jeni hutaja chanzo ambacho jicho halikioni. Mambo hayo mawili yakichanganywa katika istilahi moja msomaji hupotoshwa, na wakati mwingine upotofu huo hugharimu uhai.

Huenda ikaulizwa kwa nini farasi ajadiliwe katika jarida la Kiswahili, hali yeye ni mnyama adimu katika sehemu kubwa ya Tanzania. Katika mitaa iliyo kati ya Posta na Kariakoo jijini Dar es Salaam mtu anaweza kukaa miezi asimwone farasi hata mmoja, na wachache waliopo jijini, wakiwemo wale wa Jeshi la Polisi, hawatumiki katika shughuli za kila siku za wakazi. Hata hivyo, jina la Kariakoo lenyewe limefungamana na uhaba huo. Jina hilo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na katika vita hivyo farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu kutokana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, pamoja na maradhi mengine ya wanyama. Mizigo ilibidi ibebwe vichwani na mabegani mwa watu, na makumi ya maelfu ya wapagazi walipoteza maisha. Kariakoo basi ni kumbukumbu ya kazi ambayo binadamu alitwishwa pale farasi aliposhindwa kuishi.

Upande wa pwani na visiwani hali ilikuwa tofauti kidogo. Farasi wa Kiarabu walijulikana katika himaya ya Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikiwa na zawadi za Rais wa Marekani, miongoni mwazo farasi wa Kiarabu. Neno lenyewe "farasi" lina asili ya Kiarabu. Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa na jina la mnyama huyu kwa muda mrefu, bali hakikupata haja ya kujenga msamiati mpana wa rangi zake kama ule ulio katika lugha za wafugaji wa farasi. Pengo hilo ndilo linaloifanya mada hii ifae kuchunguzwa.

2. Muundo wa majina ya rangi katika Kiswahili

Kwa upande wa sarufi, majina ya rangi katika Kiswahili yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina vivumishi vitatu tu vyenye mashina yanayopokea viambishi vya upatanisho wa ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Husemwa farasi mweusi, farasi weupe, kitambaa chekundu. Kundi la pili lina nomino za vitu ambazo zimechukuliwa zitaje rangi kwa njia ya mlinganisho: kijivu kutokana na majivu, kijani kutokana na jani, kahawia kutokana na kahawa, manjano kutokana na kiungo cha mchuzi, zambarau kutokana na tunda. Majina haya hayapokei viambishi vya upatanisho, bali huunganishwa kwa kihusishi -a au kwa maneno "rangi ya".

Njia hii ya pili ingali hai. Katika maduka ya khanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, rangi hutajwa kwa kulinganishwa na vitu ambavyo muuzaji na mnunuzi wote wanavijua. Nyekundu iliyokolea ikaelekea weusi huitwa damu ya mzee. Nyeupe iliyochuja huitwa rangi ya maziwa. Hakuna aliyekaa kikao kuyasanifu majina hayo, na wala hayahitaji kufasiriwa.

Wachunguzi wa isimu watakumbuka kwamba Brent Berlin na Paul Kay, katika kazi yao ya mwaka 1969, walidai kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Vivumishi vitatu vya Kiswahili vinaafikiana na dai hilo. Ikumbukwe pia kwamba upeo wa -ekundu ni mpana panapotajwa wanyama: ng'ombe aitwaye mwekundu na wafugaji wengi si mwekundu kama damu, bali ni wa rangi ambayo mtaalamu wa vitambaa angeiita kahawia.

3. Misingi ya kijeni ya rangi za farasi

Rangi zote za farasi, ziwe za kawaida au za ajabu, hujengwa na aina mbili tu za melanini. Moja ni nyeusi na nyingine ni nyekundu yenye kuelekea manjano. Pale ambapo chembehai zinazotengeneza melanini hazipo, au hazifanyi kazi, manyoya huwa meupe.

Jeni inayoamua ni melanini ipi itengenezwe hujulikana kwa alama ya MC1R. Mwaka 1996 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu ya kikemia katika jeni hiyo humfanya farasi ashindwe kutengeneza melanini nyeusi katika manyoya yake. Farasi mwenye nakala mbili za badiliko hilo huwa mwekundu, yaani wa rangi ile ile ambayo mfugaji wa ng'ombe huiita nyekundu. Jeni ya pili, ASIP, iliyoelezwa mwaka 2001, huamua weusi uenee wapi. Ikifanya kazi, weusi hubaki katika singa za shingoni, mkiani na miguuni, na mwili huwa wa kahawia. Isipofanya kazi, farasi huwa mweusi mwili mzima.

Inaonekana basi kwamba vivumishi vitatu vyenye upatanisho katika Kiswahili vinalingana na misingi mitatu ya kibiolojia: melanini nyeusi, melanini nyekundu, na ukosefu wa melanini. Rangi zinazotokana na kuchujuka au kuchanganyika kwa misingi hiyo ndizo ambazo Kiswahili huzitaja kwa nomino za mlinganisho. Ulinganifu huu usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wahenga walijua habari za jeni. Unaonyesha tu kwamba lugha ina muundo ambao mwalimu wa biolojia anaweza kuutumia bila kuulazimisha.

4. Namna kipimo kinavyofanyika

Upimaji huanza na kitu kidogo mno. Nywele ishirini au thelathini hung'olewa kutoka katika singa za shingo au mkia, zikiwa na mizizi yake, kwa kuwa chembehai zenye habari za urithi zimo katika mzizi na si katika unywele uliokatwa kwa mkasi. Nywele hizo hutiwa ndani ya bahasha kavu na kupelekwa maabara, hata kwa njia ya posta. Maabara hutoa vinasaba katika mizizi, hurudufu sehemu inayohusika mara nyingi, kisha husoma kama badiliko linalotafutwa lipo au halipo. Maabara ya jenetiki ya mifugo ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ni miongoni mwa zile zinazotoa huduma hiyo kwa wafugaji.

Majibu huandikwa kwa jozi za herufi, kwa kuwa kila mnyama hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala inayojitokeza hata ikiwa moja tu huitwa hapa nakala tawala. Ile inayohitaji kuwa mbili ndipo ionekane huitwa nakala fiche. Kwa mfano, nakala ya weusi ya jeni ya MC1R huandikwa E, na nakala ya wekundu huandikwa e. Farasi wawili weusi, kila mmoja akiwa na jozi ya E na e, wanaweza kuzaa mtoto mwekundu, na uwezekano wa jambo hilo ni mmoja kwa nne katika kila uzazi. Jicho haliwezi kumtenga farasi mweusi mwenye E mbili na mweusi mwenye E moja. Kipimo humtenga.

Hapa inafaa kuliangalia neno "vinasaba". Limejengwa kwa kuongeza kiambishi cha ngeli ya ki-/vi- katika neno "nasaba", lenye maana ya ukoo na asili ya mtu. Neno hili limezoeleka sana katika Dar es Salaam ya leo, kwa sehemu kubwa kutokana na kesi za utambuzi wa wazazi na za jinai, ambazo vipimo vyake hushughulikiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maabara yake jijini iko katika Barabara ya Barack Obama, iliyoitwa Ocean Road hadi mwaka 2013, mwendo mfupi kutoka Posta. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake, iliyotungwa mwaka 2009. Jambo la kuzingatia kiisimu ni kwamba neno hili halikuazimwa kutoka lugha za Ulaya, bali limechimbwa katika hazina ya Kiswahili, na linawafaa farasi kama linavyowafaa watu. Waarabu wamehifadhi nasaba za farasi wao kwa karne nyingi, wakizihesabu kwa upande wa mama. Kipimo cha vinasaba kimeongeza ushahidi mpya juu ya elimu hiyo ya kale.

5. Weupe mmoja, vyanzo vingi

Upungufu wa kutaja rangi kwa jicho peke yake unaonekana waziwazi katika kivumishi -eupe. Msemaji wa Kiswahili akiwaona farasi wanne waliosimama pamoja anaweza kuwaita wote weupe, na sarufi haitamkosoa. Kwa upande wa jeni, kila mmoja anaweza kuwa na habari yake.

Farasi wa kwanza alizaliwa mweusi, mwekundu au wa kahawia, kisha manyoya yake yakaendelea kuwa meupe kadiri alivyokua, ingawa ngozi yake ilibaki nyeusi. Mwaka 2008 ilibainika kwamba chanzo ni kipande cha herufi zipatazo 4,600 kilichorudiwa ndani ya jeni ya STX17. Nakala hiyo ni tawala. Utafiti wa mwaka 2024 uliongeza kwamba kasi ya weupe hutegemea idadi ya marudio ya kipande hicho. Farasi wa aina hii huelekea kupata uvimbe wa saratani ya ngozi: zaidi ya asilimia 70 ya wale wanaopita umri wa miaka 15 huwa nao. Wazungu humwita farasi huyu wa kijivu, na mfasiri mwepesi ataandika hivyo hivyo. Lakini Kiswahili kina neno lililo sahihi zaidi, nalo ni mvi, kwa kuwa mvi ni weupe wa nywele unaokuja na umri baada ya rangi nyingine. "Farasi wa mvi" ni jina linalotaja mwendo wa jambo, ilhali "kijivu" hutaja hatua moja tu ya mwendo huo.

Farasi wa pili alizaliwa akiwa na rangi ya maziwa, ngozi ya waridi na macho ya buluu. Chanzo ni badiliko katika jeni ya SLC45A2, lililoelezwa mwaka 2003. Nakala moja humchujua farasi mwekundu akawa na rangi ya dhahabu na singa nyeupe. Nakala mbili humfanya akaribie kuwa mweupe kabisa. Farasi wawili wa dhahabu wakipandishwa, kwa wastani mmoja katika kila watoto wanne atazaliwa na rangi hiyo ya maziwa. Kwa jeni hii "malai" lingekuwa jina la kufaa.

Farasi wa tatu ni mweupe tangu kuzaliwa kutokana na mabadiliko katika jeni ya KIT, ambayo huzizuia chembehai za melanini zisienee mwilini. Mabadiliko ya aina hiyo yalianza kubainishwa mwaka 2007, na yanayojulikana sasa yanapita 20.

Farasi wa nne ndiye anayeonyesha uzito wa suala hili. Ni mtoto aliyezaliwa mweupe kabisa na wazazi wenye mabaka, naye hufa katika siku chache za mwanzo. Mwaka 1998 chanzo kilipatikana katika jeni ya EDNRB. Nakala moja ya badiliko lake huleta mabaka meupe yanayopendwa na wafugaji. Nakala mbili huuacha utumbo mpana bila mishipa ya fahamu inayouendesha, na kinyesi hakipiti. Hakuna tiba. Tena, si kila mwenye nakala moja huonyesha mabaka yanayotambulika. Mfugaji anayechagua kwa jicho peke yake anaweza kuwapandisha wachukuzi wawili bila kujua, na kila uzazi utakuwa na uwezekano wa mmoja kwa nne wa kuleta mtoto asiyeweza kuishi. Kipimo kikifanywa kabla ya kupandisha, kifo hicho huepukika.

Katika farasi wa Kiarabu, hasa wa ukoo wa Misri, upo mfano mwingine. Watoto wengine huzaliwa na rangi iliyochujuka isiyo ya kawaida na hushindwa kusimama ili wanyonye. Nao hufa au hulazimika kuuawa. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba chanzo ni kupotea kwa herufi moja katika jeni ya MYO5A. Nakala hiyo ni fiche: mchukuzi wake ana rangi ya kawaida kabisa. Hapa hata msamiati wa rangi ulio mpana kuliko wote duniani usingemsaidia mfugaji, kwa kuwa hakuna rangi ya kutajwa.

6. Punda milia asiye na milia, na twiga mweupe

Afrika ya Mashariki haina farasi wengi, lakini ina jamaa zao wa porini. Jina "punda milia" limeingiza alama ya manyoya ndani ya jina la mnyama mwenyewe.  Lakini mwezi Septemba 2019, katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya, alionekana mtoto wa punda milia mwenye mwili mweusi na vitone vyeupe mahali pa milia. Alipewa jina la Tira, kutokana na jina la mwongoza watalii aliyemwona. Huyu alikuwa punda milia asiye na milia, na hakuna aliyesita kumwita punda milia. Matumizi ya wasemaji yalithibitisha kwamba jina la mnyama hutaja jinsi yake, hata pale maana ya sehemu za jina hilo inapokanushwa na sura.

Utafiti wa vinasaba vya punda milia wa nyika uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha kasoro za milia na uzazi wa karibu katika makundi madogo yaliyotengwa. Kwa hiyo mnyama wa ajabu anayewafurahisha wapiga picha anaweza kuwa dalili kwamba njia za wanyama zimezibwa na kundi linazaliana lenyewe kwa lenyewe. Kwa mhifadhi, swali la chanzo ni zito kuliko swali la sura.

Mfano wa tatu ni twiga. Katika hifadhi ya Tarangire, Tanzania, twiga mweupe aliyeitwa Omo alipigwa picha mwaka 2015 na tena mwaka 2016. Wataalamu walieleza kwamba hakuwa na ualbino, kwa kuwa macho yake yalikuwa na rangi; alikosa melanini katika sehemu kubwa ya manyoya tu. Twiga wengine weupe walijulikana mwaka 2017 katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Garissa, nchini Kenya. Mwezi Machi 2020 ilitangazwa kuwa jike na mtoto wake walikutwa wameuawa na majangili.

7. Athari kwa istilahi

Kutokana na mifano hii, inapendekezwa kwamba istilahi za Kiswahili za fani hii zitenge tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya sura. Hapa njia ya Kariakoo inatosha na inafaa: dhahabu, maziwa, majivu, madoa, mabaka, milia. Hakuna sababu ya kuyaazima majina ya Kiingereza au Kihispania ya rangi za farasi, ambayo nayo yalianza kwa mlinganisho ule ule. Tabaka ya pili ni ya chanzo. Hapa alama za kimataifa za jeni zibaki kama zilivyo, zikiambatana na jina la Kiswahili linaloeleza utendaji: jeni ya mvi kwa STX17, jeni ya malai kwa SLC45A2. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikwishaonyesha kwamba istilahi za sayansi zinaweza kupangwa kwa utaratibu katika lugha hii. Kazi iliyobaki ni kuziendeleza kulingana na maarifa ya miongo iliyofuata.

Umuhimu wa kuzitenga tabaka hizi unaonekana zaidi katika neno "zeruzeru". Neno hili limetumiwa kwa binadamu, na hutokea likatumiwa kwa mnyama yeyote aliye mweupe pasipo kawaida. Kijeni matumizi hayo ni makosa: farasi wa mvi, farasi mwenye badiliko la KIT na twiga wa Tarangire hawana ualbino. Kijamii kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa neno linalomweka mtu katika fungu moja na vioja vya porini humwondolea utu. Nchini Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa ajili ya imani za kishirikina, hilo si suala la adabu ya maneno tu. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi nchini hutokana na jeni ya OCA2, ambamo kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimepotea. Nakala hiyo ni fiche; wazazi wawili wenye rangi ya kawaida huweza kuwa wachukuzi wote wawili bila kujua. Maelezo hayo yanatosha kuondoa shutuma ambayo aghalabu humwangukia mama. Neno "mtu mwenye ualbino" hutanguliza mtu, kisha hutaja hali aliyo nayo. Ndivyo istilahi nzuri inavyopasa kufanya.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba rangi moja inayoonekana inaweza kuwa na vyanzo vingi, na kwamba chanzo kimoja kinaweza kuleta sura mbalimbali au kisionekane kabisa. Kiswahili kina nyenzo za kutaja pande zote mbili: vivumishi vitatu vya msingi, utaratibu hai wa mlinganisho, na maneno kama mvi, malai na vinasaba ambayo hayakuhitaji kuazimwa upya. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kutokitumia kivumishi cha sura kana kwamba ni maelezo ya chanzo. Mfasiri anayeandika "mweupe" na kuishia hapo amemwambia msomaji kile ambacho angeweza kukiona mwenyewe. Hajamwambia kama mtoto wa farasi aliye mbele yake ataishi au atakufa.